Mfuko wa Tano

Evelio Carvajal alirudi nyumbani saa nne asubuhi akiwa na uso safi. Mkata miwa hurudi saa tisa alasiri, mweusi kama chungu kwa masizi ya shamba lililochomwa, na watu humtambua kwa mwendo tu. Siku hiyo wanawake wa mtaa walimtambua kwa sura, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaacha kufua. Hawakumsalimia. Mwanamume anayerudi saa nne amefukuzwa au amefiwa, na yote mawili si ya kuulizia njiani.

Danelia, mkewe, alikuwa dirishani akimuuzia mtoto wa jirani barafu. Alipomwona mumewe anaingia uani na panga lake limefungwa kitambaa, alimrudishia mtoto chenji pungufu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kuna mgomo?"

"Hakuna mgomo. Nimerudishwa."

"Umegombana na mnyapara."

"Sijagombana na mtu. Ni damu. Ile waliyotutoa Jumatatu."

Akampa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho kwenye mikunjo. Danelia akaitandaza juu ya friza. Kiwanda cha sukari cha Santa Ofelia kilikuwa na mpango wa afya kwa wafanyakazi, na kwenye kila karatasi ya mpango huo kulichorwa tone la maji lenye macho na tabasamu. Chini ya tone palikuwa na jina la mumewe, na chini ya jina namba mbili: Novemba, 0.9. Februari, 1.9.

Danelia alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kupanda na kushuka alikujua. Moyo ukamtulia.

"Si umepanda?"

"Nimepanda."

"Umepanda zaidi ya mara mbili. Sasa wanakurudisha kwa nini?"

"Wanasema ikipanda ni vibaya. Ni uchafu uliobaki kwenye damu. Figo zimeshindwa kuutoa."

"Kwa hiyo aliyepata sifuri ndiye wa kwanza darasani?"

"Mimi sijui, mwanamke. Nimeambiwa nipumzike wiki mbili, halafu wanitoe damu tena. Ikishuka mpaka moja nukta tatu narudi shambani. Isiposhuka wanachukua kadi."

Hapo moyo wa Danelia ukarudi juu. Kadi ya Santa Ofelia ndiyo iliyokuwa kazi, ndiyo iliyokuwa bima, na aliyenyang'anywa kadi hakukuwa na kiwanda kingine pwani yote ile ambacho kingemchukua. Kwenye kiti cha kamba karibu na jiko, mama yake Evelio, Socorro, alikuwa akichambua maharage. Mikono yake ikasimama. Alikuwa amezika mume na mtoto wake wa kwanza kwa ugonjwa huohuo, na tangu hapo hakuwahi kuutaja kwa jina.

"Kile kitu kimeingia tena," akasema, akaendelea kuchambua.

*

Penye wengi pana mengi. Kufikia Jumapili kila mtu mtaani alikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yalikuwa na dawa yake. Mwenye duka la dawa alisema ni baridi iliyoingia mgongoni, akauza vidonge. Marlenis, jirani wa ukuta mmoja, alisema ni ile sumu ya magugu inayomwagwa na ndege, kila mtu anajua, ila wenye kiwanda hawataki kusema. Fundi wa baiskeli alisema ni pombe kali. Padri hakusema ni nini, ila aliuliza kama Evelio ameungama.

Danelia aliwasikiliza wote, kwa sababu hakujua nani amdharau. Alichemsha majani ya kusafisha mkojo. Alinunua madafu manne kwa pesa ya nyama. Alimkataza Evelio chumvi, kisha mtu akamwambia mwenye kutoka jasho anahitaji chumvi, akamrudishia. Mumewe alikula wali na maharage bila chumvi asubuhi na yenye chumvi nyingi jioni, hakuuliza kitu.

"Maji ulikuwa unakunywa kule?" Danelia alimuuliza.

"Wanapiga filimbi, tunakaa chini ya turubai, tunakunywa."

"Unakunywa?"

"Nimekwambia tunakunywa."

Socorro akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Si mimi nilimwambia asinywe maji baridi na mwili una moto? Maji baridi yanapasua figo. Baba yake alikunywa, akafa."

"Na kaka yangu hakunywa, mama," Evelio akasema taratibu. "Akafa."

Bibi akamtazama mwanawe kama aliyetukanwa. Danelia aliona aibu kwamba katika nyumba iliyotoa maiti mbili hakuna hata mtu mmoja aliyejua kilichowaua.

*

Siku ya tano mpango wa afya ulituma nesi. Watoto waliliona gari jeupe kwenye kona, Yaoska, binti yao wa miaka saba, akaja mbio kutoa habari, na Danelia akatazama juu. Evelio alikuwa juu ya paa anagonga bati.

"Shuka! Shuka ulale, wewe unapumzika."

"Bado msumari mmoja."

"Shuka, wataandika unafanya kazi."

Akashuka, akavuliwa shati lenye kutu, akalazwa nyuma ya pazia mchana kweupe akiwa na viatu. Danelia akakisukuma kiti kibovu ukutani, akatoa kile kizima, akakipangusa kwa upindo wa gauni.

Nesi aliitwa Hazel Tercero. Alikuwa binti mdogo mwenye kizibao cha kiwanda na fomu ya kurasa nane, na aliuliza maswali yake kwa adabu.

"Anakunywa pombe?"

"Jumapili."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha Jumapili."

Nesi akaandika. "Dawa za maumivu?"

"Sindano ya mgongo, kila Jumamosi. Wote wanachoma."

Nesi akaandika hilo kwa muda mrefu kidogo. Akauliza kuhusu kisima, kuhusu choo, kuhusu baba na kaka. Danelia alijibu yote huku akipima jibu gani lingeokoa kadi na lipi lingeizamisha, na hakuweza kujua. Mwishowe alichoka kukisia, akaona bora afanye jambo analolijua. Kwake mgeni hakuwahi kutoka mdomo mkavu. Akafungua friza, akachagua barafu ya mfuko iliyoganda vizuri, akamletea nesi kwenye sahani.

Nesi alisema asante. Akaifuta ukungu kwa kidole gumba ili aifungue, na chini ya ukungu tone la maji likamtabasamia.

"Hii umeipata wapi?"

"Ni zile za hodari," Danelia akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijisikia kuwa na kitu cha kujivunia. "Evelio hupewa nne kila siku. Si kila mtu anapewa. Ni wale wanaokata tani nyingi."

"Nani amekwambia hivyo?"

"Yeye mwenyewe."

"Naomba nione friza yako, dada."

Friza ilikuwa moja tu mtaani. Danelia alinyanyua kifuniko. Chini ya mfupa wa supu kulikuwa na mifuko ya maji ya machungwa, safu juu ya safu, migumu kama matofali. Pembeni kulikuwa na mifuko mingine ya watu, imefungwa kwa kamba za rangi ili isichanganyike: nyekundu ya Marlenis, buluu ya fundi aliyekuwa na mtoto shambani, na nyinginezo, nyumba tisa kwa jumla. Wanawake walileta mifuko ya waume zao kugandisha, na kila mitano Danelia alibaki na mmoja kwa ajili ya umeme. Sikukuu ya Bikira Maria, watu walipopita wakiimba mlango kwa mlango, nyumba nyingine ziligawa miwa na machungwa, na yeye aligawa barafu, na waliimba kwake mara mbili.

Nesi Hazel alisimama ameshika kifuniko mpaka baridi ikamfika usoni.

"Dada, hii si zawadi. Hii ni dawa."

"Dawa ya nini? Ni maji ya chungwa."

"Ni maji, chumvi na sukari. Mtu anayekata miwa kwenye jua lile anamwaga jasho ndoo nzima, na figo zinabaki zinasaga kavu. Tunawapa mifuko mitano wainywe palepale, kivulini. Kila mtu mitano. Hakuna ya hodari."

Danelia alikuwa anaviona akilini viatu vya shule vya Yaoska, vyeusi, vya ngozi, vilivyonunuliwa kwa hela ya dirishani. Aliwahi hata kumsifia mumewe mbele ya watu kwamba tangu apate tani nyingi nyumba imepata baraka.

"Mnyapara ananiletea karatasi," nesi aliendelea, sasa kama anayejiuliza mwenyewe. "Evelio Carvajal, mitano, tiki. Kila siku tangu Novemba. Kikosi chenu ndicho kinachokunywa kuliko vyote, na ndicho namba zake zinapanda kuliko vyote. Miezi miwili silali vizuri. Niliandika ripoti nikasema labda ni visima."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Sijasema ni wewe."

"Ni nani basi?"

"Hata madaktari wakubwa bado wanabishana, dada. Joto, kiu, kutopumzika, zile sindano. Ninachojua ni kwamba asiyekunywa huumia mapema."

"Hiyo ni ndiyo au hapana?"

Nesi aligeuza fomu yake kurasa zote nane, mbele na nyuma. "Sina mahali pa kuliandika hili," akasema. "Hakuna kisanduku."

Danelia akamshika kifundo cha mkono. "Basi usiliandike. Ukiliandika watasema amekaidi, watachukua kadi kabla ya hiyo damu. Nakuomba, mwanangu."

Binti aliutazama ule mkono, akautazama ule mfuko ulioanza kuyeyuka kwenye sahani. Kwenye swali la kama mgonjwa ana kinywaji cha kutosha nyumbani, akatia tiki kwenye ndiyo. Aliondoka bila kula barafu.

*

Evelio alikuwa amesikia yote. Alipotoka nyuma ya pazia hakumtazama mkewe, alikaa kwenye kile kiti kibovu.

"Kwa nini?" Danelia akamuuliza.

"Siku ya kwanza nilisahau mmoja kwenye ndoo ya chakula. Yaoska akaukuta. Alicheka mpaka akashika tumbo. Siku ya pili nikasahau miwili kwa makusudi."

"Ukaniambia ni za hodari."

"Ningekwambia ni dawa ungezikataa."

"Ningezikataa."

"Basi ndiyo maana."

"Na kiu?"

Evelio alifikiri. Alionekana kweli anatafuta jibu, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu alichonunua zamani. "Kiu inazoeleka," akasema.

Danelia alitaka kumpiga. Alitaka pia kupiga magoti. Hasira na huruma zilimjia pamoja, akashindwa kuzitenganisha, basi akachukua mfuko mmoja, akaung'ata pembe kwa meno mpaka ukatoboka, akamshindilia mkononi. "Kunywa. Mbele yangu."

Akanywa. Akampa wa pili. Socorro alitazama mwanawe akimeza vipande vya barafu, akafunga macho, lakini safari hii hakusema kitu kuhusu maji baridi.

Jioni ileile, kabla jua halijazama, Danelia alipita nyumba tisa kurudisha mifuko ya watu. Wengine walipokea, wakafunga mlango. Marlenis alisimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Yaani friza yako sasa imeokoka?"

"Mwambie Orlin anywe kulekule. Ni dawa ya figo."

"Mume wangu ana figo za punda. Mwenye figo mbovu ni wako, na ni mbovu tangu kwa babu yao, usitulaze wote kitanda kimoja. Wanangu watakula nini mchana, hotuba?"

Wiki iliyopita tu Danelia mwenyewe angesema hivyohivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

*

Siku ya kutolewa damu walikwenda wote wawili. Evelio alikuwa amekunywa siku tisa mfululizo, mifuko yake yote, halafu maji ya kisima yaliyochemshwa. Alikuwa amenenepa mashavu kidogo, na Danelia aliyachukulia hayo mashavu kuwa dalili. Walikaa kwenye benchi chini ya picha ya tone linalotabasamu. Walipoitwa, karani aliwasomea bila kuinua kichwa.

"Moja nukta nane."

"Imeshuka," Danelia akasema haraka. "Ilikuwa nukta tisa."

"Inatakiwa nukta tatu, mama."

"Lakini imeshuka."

"Kadi."

Evelio akaitoa shingoni. Karani akaitupa kwenye sanduku lenye kadi nyingine, kisha akafungua kabati, akatoa chupa ya maji ya plastiki, mpya, yenye lile tone, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Ilikuwa shukrani ya kiwanda kwa kushiriki katika mpango wa afya. Evelio, mtu aliyekata miwa misimu kumi na minne, alitia sahihi, akasema asante. Hiyo asante ndiyo iliyomchoma Danelia kuliko kadi.

Alimwacha mumewe kwenye benchi na chupa yake, akaenda kumtafuta nesi. Alimkuta Hazel kwenye chumba cha nyuma amezungukwa na maboksi ya mifuko.

"Anaweza kukaa na namba hiyo miaka mingi," nesi akaanza, "mradi asirudi juani, na zile sindano aache. Bima itaendelea mpaka..."

"Sikuja kwa hilo," Danelia akasema, ingawa dakika moja kabla yake ndilo alilojia. Hata yeye hakujua maneno yaliyofuata yalitoka wapi. "Mnawapa vibaya."

"Tunawapa vibaya vipi?"

"Mnawapa mifuko mizima. Mtu mwenye mtoto ukimpa mfuko mzima, anampelekea mtoto. Hata ukimpigia filimbi mpaka ulimi ukauke. Wapeni umeshatobolewa. Uliotobolewa hauwezi kuingia kwenye ndoo."

Nesi akaketi juu ya boksi. "Kanuni inasema mfuko ufike mkononi umefungwa. Kwa ajili ya usafi."

"Usafi," Danelia akasema.

Nje mashine za kiwanda zilikuwa zinasaga miwa ya watu wengine. Hatimaye nesi aliinuka, akatafuta kwenye droo, akatoa mkasi mdogo wa kukatia bandeji.

"Mgawa maji wa kikosi chenu ameacha kazi," akasema. "Mshahara wake hata nusu ya mkataji haufiki. Na watakuchukia."

*

Walimchukia. Siku ya kwanza alisimama chini ya turubai na mkasi umefungwa shingoni kwa kamba nyekundu, na kila mfuko aliukata pembe kabla hajautoa. Wanaume thelathini na wawili, weusi kwa masizi, waliupokea kama watu waliotapeliwa.

"Mama, mbona wangu unavuja?" Orlin, mume wa Marlenis, aliuliza, akijua vizuri kwa nini.

"Unywe basi, usivuje."

"Nina wasichana watatu nyumbani."

"Nawajua. Mmoja ana meno mabovu kwa barafu zangu. Kunywa."

"Kazi ya mumeo umeirithi, na upole wake umemwachia nani?" mwingine akatania nyuma, wakacheka, na wakicheka wakanywa, kwa sababu mfuko uliokatwa haungoji. Aliwahesabu wote. Mnyapara alikuja na karatasi yake ameshatia tiki za siku nzima tangu asubuhi, Danelia akamwambia asubiri, na ukazuka ugomvi mdogo ambao haukuisha mpaka filimbi ya mwisho.

Alirudi saa tisa alasiri, miguu inamwaka, kichwa kinagonga. Hakujua kwamba jua linaweza kumkalia mtu hivyo hata akiwa kivulini. Evelio alikuwa jikoni anageuza tortila, mikate bapa ya mahindi, mbili zimeungua, na Socorro anamfundisha kutoka kwenye kiti kwa maneno makali. Yaoska alimkimbilia mamaye, akamkumbatia kiunoni, kisha akapapasa. Mkono wake ulikuwa umegusa kitu kwenye mfuko wa aproni.

Danelia akaingiza mkono, akakitoa. Ulikuwa mfuko mmoja wa maji ya machungwa, wa moto, mzima, haujakatwa. Na yeye alikuwa mfanyakazi sasa, alipewa mitano kama wengine. Alikumbuka kunywa minne. Wa tano hakukumbuka kuuweka aproni, na alisimama nao pale uani akiutazama kama kitu cha wizi kilichokutwa kwake bila yeye kujua.

"Ni wangu?" Yaoska akauliza.

Danelia akamtazama mtoto, akatazama mfuko, akakosa la kusema. Siku nzima alikuwa nalo kwa wanaume thelathini na wawili.

Evelio aliweka tortila chini. Akaja uani akifuta unga mikononi, akauchukua ule mfuko kutoka kwa mkewe, akaung'ata pembe, akautema ule ukingo wa plastiki vumbini, akamrudishia.

"Kunywa," akasema. "Mbele yangu."

Maji yalikuwa ya moto na ya chumvi, hayana utamu wowote ambao mtu angeuchekea. Danelia alikunywa, mumewe amesimama akimwangalia koo, na hakuondoa macho mpaka mfuko ukalala bapa.